Amana ya Mshenga

Katika desturi za Waswahili wa pwani, kijana anayetaka kuoa haendi mwenyewe kwa wazazi wa binti kueleza haja yake. Humtuma mshenga. Mshenga huchukua maneno ya upande mmoja akayafikisha upande wa pili, kisha akarudi na jibu, liwe tamu au liwe chungu. Kazi hii huonekana nyepesi, lakini haimfai kila mtu. Mshenga sharti aijue njia. Sharti ajue ni nani mwenye haki ya kumtuma na nani asiye na haki. Na juu ya yote, sharti awe na ulimi unaotulia kinywani. Huingia nyumba mbili akaona mambo ya nyumba mbili, na akitoka huwa kama mtu ambaye hakuona kitu. Mshenga akikosa njia, posa huchelewa. Akikosa ulimi mtulivu, heshima za watu huanguka.

Nimeanza na mshenga kwa sababu nataka kukusimulia, msomaji, habari za mshenga mwingine, asiye na miguu wala kanzu, niliyemweka kwa mikono yangu katika chumba kimoja cha Kawangware, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Kumweka kulinichukua alasiri moja. Kujifunza namna ya kuitunza amana yake kulinichukua muda mrefu zaidi, na gharama ya mafunzo hayo haikulipwa na mkosaji bali na aliyekosewa.

Mwaka 2022 nilikuwa karani katika ofisi moja ya katikati ya jiji, nami nikikaa Uthiru. Siku za Jumamosi, na jioni mbili au tatu za wiki, nilikuwa nikisaidia katika chumba cha kusomea kilichoanzishwa na wazazi, si mbali na barabara ya Naivasha. Kilikuwa chumba cha kawaida: meza ndefu mbili, mabenchi, rafu ya vitabu vilivyochakaa, na kompyuta sita za mitumba. Wanafunzi wa shule za sekondari za jirani walikuja humo baada ya masomo, maana nyumbani kwao palikuwa na watu wengi na taa moja.

Mtu apandaye matatu ya nambari 46 kutoka mjini kwenda Kawangware hupita Hurlingham na Lavington, ambako nyumba zimejificha nyuma ya miti na nyua za maua. Kabla hajamaliza kuyahesabu malango yake, hujikuta Kawangware, ambako nyumba za mabati zimesimama bega kwa bega, na redio ya jirani huwa redio ya mtaa mzima. Katika nyumba za kwanza intaneti huja kama maji ya bomba: mtu hufungua, akatumia, akasahau kufunga. Katika nyumba za pili huja kama maji ya mtungi wa lita 20: hununuliwa, hubebwa, na kila kikombe huhesabiwa. Chumba chetu kilikuwa cha watu wa mtungi.

Tulinunua kiasi maalumu cha data kila mwezi, wala haukupita mwezi ambao kiasi hicho kilitufikisha mwisho wake. Tarehe 20 haijafika, mtungi umekauka. Kamati ya wazazi ilichunguza ikaona sababu mbili: video za mpira na tovuti za kamari. La pili liliwaumiza wazazi zaidi ya la kwanza, maana video hula data tu, lakini kamari hula nauli, hula karo, na mwisho humla mchezaji mwenyewe. Mwenyekiti wetu, mama muuza nguo sokoni, aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiwe unayezijua mashine hizi. Tutafutie mlinzi."

Nikamjibu kwamba nitawatafutia proksi.

Proksi ni nini? Kompyuta ikitaka ukurasa wa mtandao, kwa kawaida huuomba moja kwa moja kwa seva inayoutunza, kwa lugha ya makubaliano iitwayo HTTP. Penye proksi mambo hubadilika. Kompyuta huiambia proksi, "Niletee ukurasa fulani." Proksi huenda yenyewe kwa seva ya mbali, huuomba ukurasa kwa niaba ya aliyeituma, huupokea, kisha humkabidhi mwenyewe. Seva ya mbali haimwoni mwanafunzi aliyeketi Kawangware. Humwona mshenga tu.

Kazi hii si mpya. Tim Berners-Lee alibuni mtandao wa kurasa mwaka 1989 katika maabara ya CERN, iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na ilipofika mwaka 1994 seva ya CERN ilikuwa imekwisha kupewa uwezo wa kuwa proksi, ili watu waliokuwa nyuma ya kuta za usalama za ofisi zao wapate njia moja ya kutokea. Kwetu Kenya proksi zilipendwa kwa sababu nyingine. Kabla ya mwaka 2009 hapakuwa na kebo ya baharini iliyoleta intaneti katika nchi yetu. Habari zilipanda kwenye setilaiti iliyo yapata kilomita 36,000 juu ya ikweta, zikashuka tena, polepole na kwa bei kubwa. Programu kama Squid, iliyotoka mwaka 1996, iliweka nakala ya ukurasa ulioletwa, na mtu wa pili akiomba ukurasa uleule alipewa nakala bila ya safari ya pili. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa, na mwaka huohuo kebo ya TEAMS ikaja kutoka Fujairah. Njia ikapanuka. Halafu kurasa nyingi zikaanza kusafiri zimefungwa kwa siri, kama barua ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri, na faida ya nakala ikapungua, maana mshenga hawezi kunakili asichoweza kukisoma. Kazi iliyobaki kwa proksi ndogo kama yetu ni ya mlangoni: nani atoke, na aende wapi.

Jumamosi moja nilikwenda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya redio, simu na nyaya, uliopewa jina la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960. Nikanunua kompyuta ndogo iliyokwisha kutumika, ambayo mtu mwingine angeiona haifai hata kuandikia barua. Kwa kazi yangu ilitosha. Nilitia humo mfumo wa Debian, na kwa amri moja nikaongeza programu iitwayo Tinyproxy. Programu hii ilianza mwaka 1998, hutolewa bure, haitunzi nakala za kurasa, na huhitaji takriban megabaiti 2 tu za kumbukumbu ya mashine. Ni mshenga mwembamba, asiyetaka kiti wala chai.

Mipangilio yake yote hukaa katika faili moja la maandishi, liitwalo tinyproxy.conf. Mstari unaoanza kwa alama ya # ni maelezo tu, programu huuruka. Mstari wa Port hutaja mlango ambao mshenga husikilizia, na mlango wake wa desturi ni wa 8888. Mstari wa Listen hutaja anwani atakayosimama. Usipouandika, husimama kwenye anwani zote za mashine, za ndani na za nje. Mstari wa MaxClients huweka kikomo cha wateja wa wakati mmoja, na wa Timeout hutaja sekunde za kumngojea aliyenyamaza kabla ya kumkatia. Kisha kuna mstari wa ConnectPort, unaoagiza ni milango gani ya mbali inayoruhusiwa kwa safari za bahasha zilizofungwa. Hapo niliandika 443, mlango wa kurasa za siri, nikaacha mingine yote.

Mstari mzito kuliko yote ni Allow, yaani ruhusu. Hapo huandikwa anwani za wanaoruhusiwa kumtuma mshenga, na asiyeandikwa hukataliwa. Lakini sikiliza vema: ukiifuta mistari yote ya Allow, na ya Deny iliyo kinyume chake, programu haimkatai mtu, humkubali kila ajaye. Mshenga wa namna hiyo akionekana na watu wa mbali, humtumikia mwizi kama anavyomtumikia mwenye nyumba, na mwizi akiiba, nyayo huonekana mlangoni kwako. Mimi niliandika anwani za kompyuta zetu sita, wala sikuongeza ya saba.

Nilipokuwa nikiiandika orodha ile nilikumbuka jengo ninalolipita kila siku katika Banda Street: Maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa na sanamu za simba wawili mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Simba wale hawakumng'ata mtu. Kilichomzuia Mwafrika ni orodha isiyokuwa na jina lake. Nilijiambia kwamba orodha yangu mimi ni ya haki, maana inawalinda watoto. Sikujua kwamba orodha ya pili, ambayo bado sijaiandika, itamfungia mtu mlango bila ya haki.

Orodha hiyo ya pili huitwa Filter, yaani chujio. Ni faili la majina yanayokatazwa, jina moja katika kila mstari. Makampuni ya kamari ni mengi, na mengi katika hayo hutia ndani ya majina yao neno la Kiingereza la herufi tatu, b, e, t, lenye maana ya kuweka dau. Nilianza kuyaandika moja moja: la kwanza, la pili, la kumi. Nikachoka. Nikakumbuka kwamba chujio la Tinyproxy halihitaji jina zima: ukiliandikia kipande cha jina, hukitafuta kipande hicho popote kilipo. Basi nikaifuta orodha yangu ndefu, nikaandika herufi tatu peke yake: bet. Nikaianzisha programu upya, nikajaribu tovuti tano za kamari, zote zikakataliwa. Jioni ile nilirudi Uthiru nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua njia ya mkato. Njia ya mkato, nimeona tangu siku hiyo, aghalabu hupita katika shamba la mtu.

Siku ya tatu kijana mmoja mwerevu aliuondoa mpangilio wa proksi katika kivinjari cha kompyuta yake, akatoka moja kwa moja bila ya mshenga. Nikamsifu kimoyomoyo, kisha nikaiagiza ruta isimpitishe yeyote ila proksi. Hapo kila ombi likawa halina budi kupita mbele ya mlinzi wangu.

Kamati ilitaka kujua kama dawa imeingia, nami nikaligeukia daftari. Tinyproxy huandika kumbukumbu za kazi yake, na usipoiagiza vingine huandika karibu kila kitu: saa, anwani ya kompyuta iliyoomba, jina la tovuti iliyoombwa, na kama ombi limekataliwa. Kwa kurasa za siri haiyaoni yaliyomo, maana bahasha imefungwa. Lakini jina la nyumba inakopelekwa barua huliona. Niliandika programu fupi ya kuhesabu makatazo ya kila kompyuta kwa wiki. Haikutaja tovuti, ilitaja hesabu tu. Nikaichapisha hesabu hiyo, tukaibandika ukutani iwe onyo.

Wiki ya pili kompyuta nambari 4 ilikuwa na makatazo 19, yote ya siku mbili. Daftari la mahudhurio lilionyesha kwamba aliyeketi pale siku zile alikuwa kijana wa kidato cha nne, mpole, asiyekosa kuamkia wakubwa. Mtihani wake wa taifa ulikuwa umebakiza wiki sita. Kamati ikamwita. Mwenyekiti akamwuliza, "Mwanangu, mara zote hizi kumi na tisa ulikuwa ukitafuta nini?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Mama, mimi sichezi kamari."

Akaulizwa tena alichokuwa akikitafuta, naye akanyamaza. Mimi niliyekuwa na jibu ndani ya mashine yangu nilinyamaza pia, kwa sababu niliiamini hesabu. Akakatazwa kuingia chumbani kwa muda wa mwezi mmoja. Aliponipita mlangoni alisema, "Asante, mwalimu," kama mtu aliyefundishwa kushukuru hata anapofukuzwa, akashika njia ya kwao.

Asante ile ilinikosesha usingizi. Kesho yake nilikwenda chumbani mapema, nikalifungua daftari lenyewe, nikaisoma mistari ile 19 mmoja mmoja nikiilinganisha na anwani ya kompyuta nambari 4. Sikukuta kamari hata moja. Nilikuta majina ya tovuti za mashirika yanayofundisha watu habari za ugonjwa wa kisukari. Kisukari kwa Kiingereza huitwa diabetes. Litazame neno hilo polepole, msomaji: katikati yake zimeketi herufi tatu, b, e, t, kwa mpango uleule. Mshenga wangu alikuwa ameitii amri yangu barabara. Hakuijua kamari wala hakuujua ugonjwa; alizijua herufi tatu, na kila alipoziona alifunga mlango.

Na kwa nini mara 19? Hilo nalo lilikuwa na maelezo. Ukurasa wa kawaida ukikataliwa, proksi humwonyesha mtu maneno ya kumweleza kwamba ombi lake limechujwa. Lakini ombi la ukurasa wa siri likikataliwa, kivinjari hakiyaonyeshi maneno ya proksi. Husema tu kwamba muunganiko umeshindikana. Kijana alidhani mtandao ni mbovu. Akajaribu tena, akajaribu tovuti nyingine, akarudi siku ya pili akajaribu. Bidii yake sisi tuliihesabu kuwa uraibu.

Jioni ya Jumatatu nilimngojea kando ya barabara ya Naivasha, mahali ambapo nilijua hupita akitoka shuleni. Nikamwambia kwamba kosa ni langu na kwamba nitalisema mbele ya kamati. Hakufurahi kama nilivyotazamia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umeona nilichokuwa nikikisoma?"

"Nimeona," nikamjibu.

Alitazama magari kwa muda. Kisha akasema, "Ni mama. Amepimwa mwezi huu. Hataki majirani wajue, maana anauza mandazi, na anasema wakijua ni mgonjwa hawatanunua. Ameniambia nisimwambie mtu."

Hapo nikafahamu sababu ya kunyamaza kwake mbele ya wakubwa. Kijana yule alikuwa amekubali kuitwa mchezaji kamari, na kufungiwa mlango wiki sita kabla ya mtihani, ili asiitoe amana ya mama yake. Mimi nilikuwa nimenunua mshenga wa chuma Luthuli Avenue, na mshenga wa kweli alikuwa ameketi kwenye kompyuta nambari 4.

Kamati ilikutana siku ya Jumatano. Nilisimama nikasema, "Kijana huyu hakucheza kamari hata mara moja. Kosa ni la herufi tatu nilizoziandika mimi kwa uvivu, zikakataza tovuti zisizo na hatia."

Mzee mmoja akauliza, "Sasa alikuwa akitafuta nini?"

"Kitu cha halali, mzee wangu. Zaidi ya hapo si juu yangu kusema."

Hakuridhika. "Lakini wewe umekiona?"

"Nimekiona, nami sikustahili kukiona."

Ilikuwa rahisi kumtakasa kijana kwa kuitoa siri ya mama yake. Neno moja lingalitosha, na watu wangalihuzunika, wangalimsifu, na kesho yake habari ingalifika kwenye kikaango cha mandazi kabla ya mteja wa kwanza. Nilikwisha kumdhulumu mtoto. Sikutaka kuilipa dhuluma hiyo kwa mali ya mama yake. Pakawa kimya chumbani. Mwenyekiti aliitazama karatasi iliyobandikwa ukutani, akainuka, akaibandua kwa mkono wake, akaikunja akaitia mkobani. "Kijana arudi kesho," akasema, na kikao kikaisha.

Baada ya hayo niliirekebisha kazi yangu. Kwanza, nilizifuta herufi zile tatu nikarudia kuandika majina kamili ya tovuti za kamari, moja moja, kila jina likifungwa kwa alama ya dola mwishoni, ambayo huiambia programu kwamba jina limekomea hapo. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu, nami sikulalamika. Pili, niliubadili mstari wa LogLevel, unaoamuru daftari liandike nini. Niliuandika Warning, yaani maonyo, na tangu hapo mashine ikawa inaandika hitilafu zake yenyewe tu, haiandiki nani ameomba tovuti gani. Yaliyokwisha kuandikwa niliyafuta. Tatu, tulibandika ukutani karatasi nyingine, ya Kiswahili, iliyoeleza kwamba chumbani mna proksi, kazi yake ni nini, inaona nini na haioni nini, na kwamba mtu akikataliwa ukurasa anaoutaka kwa masomo au kwa haja yake aje aulize, wala hataulizwa sababu. Mwezi uliofuata data ilifika tarehe 28. Haikuwa ushindi mzima, lakini ulikuwa ushindi usiokuwa na majeruhi.

Huenda msomaji akasema kwamba jambo lile lilikuwa dogo: chumba kimoja, kompyuta sita, kijana mmoja. Lakini sheria za nchi hazilioni kuwa dogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na faragha ya mawasiliano yake imo ndani ya haki hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu asikusanye habari za watu kupita haja aliyonayo, na imeziweka habari za afya katika zile zinazotakiwa kulindwa kwa uangalifu wa pekee. Mimi nilikuwa nikikusanya kila kitu kwa sababu mashine ilikuja hivyo, na kwa sababu kukusanya hakukunigharimu hata senti moja. Nilikuwa nimesoma maelezo ya kila mstari wa faili lile ila mstari ambao ungalimlinda kijana.

Wapo miongoni mwenu, vijana wasomaji, watakaopewa siku moja funguo za mashine za watu: katika shule, katika benki, katika hospitali, katika makampuni yanayopitisha maneno ya mamilioni ya watu. Kuweka mashine hizo mtajifunza upesi, maana maelekezo yake yameandikwa, na aliye na subira atayafuata. Lakini hakuna mstari wa mipangilio unaomwambia mtu anyamaze anapokijua kitu ambacho hakutumwa kukijua. Mstari huo sharti muwe nao wenyewe kabla ya kukabidhiwa funguo. Tena mjihadhari na hesabu. Hesabu ya 19 haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli tupu, nayo ilimtia mtu hatiani kwa jambo asilolifanya, kwa sababu hatukuuliza ni 19 ya nini.

Kisa hiki nimekisimulia kwa ruhusa ya kijana mwenyewe na ya mama yake, kwa sharti la kutowataja majina. Mtihani ulipokwisha, kijana alikuja chumbani jioni moja akanikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. "Mama amekuletea," akasema. Yalikuwa mandazi, bado yana joto. Watoto waliokuwapo walitaka kujua ni ya nini, na wazee wawili wa kamati waligeuza nyuso zao kutusikiliza. Nilimwambia amfikishie mama salamu zangu na shukrani. Hali yake sikuiuliza pale mbele ya watu. Nilimsindikiza kijana mpaka nje, tulipokuwa peke yetu, ndipo nikauliza.